Ulinzi wa data kwa chipu

Ulinzi wa data kwa chipu ni njia ya kutunza siri za mtumiaji wa simu au kompyuta ndani ya chipu maalumu, badala ya kutegemea programu pekee. Ufunguo wa siri haitoki ndani ya chipu: programu huuliza, chipu hufanya hesabu na kutoa jibu tu.

Laini ya simu

Mfano ulioenea zaidi Afrika Mashariki ni laini ya simu. Kadi za kwanza zilitengenezwa mwaka 1991 na kampuni ya Giesecke & Devrient ya Ujerumani kwa ajili ya mtandao wa Radiolinja nchini Ufini. Kila kadi ina ufunguo wa biti 128, na nakala yake iko kwa kampuni ya simu. Mtandao hutuma namba ya bahati nasibu, kadi huikokotoa pamoja na ufunguo, kisha jibu lake hulinganishwa na la kampuni.

Faida yake huonekana mpakani. Kando ya mto Ruvuma, mkoani Mtwara, simu yenye laini ya Tanzania inaweza kunasa mtandao wa Msumbiji. Kama kampuni hizo mbili zina makubaliano, ile ya Tanzania huipa ya Msumbiji swali na jibu linalotarajiwa. Ufunguo wenyewe hauvuki mto.

Simu janja na kompyuta

Mwaka 2013 simu ya iPhone 5s ilitenga sehemu ya chipu yake kwa ajili ya kulinda alama za vidole. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, inahitaji chipu ya TPM 2.0. Diski ikiwa imesimbwa kwa ufunguo unaolindwa na chipu hiyo, mwizi akiihamishia kwenye kompyuta nyingine hawezi kuisoma.

Mipaka yake

Chipu haimsaidii mtu aliyemtajia tapeli namba ya siri ya pesa zake. Pia tapeli anaweza kuomba kadi mpya kwa jina la mwenye laini. Hapo kinga ni utambulisho wa mteja. Nchini Tanzania, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa Januari 2020.

Ulinzi huu una gharama: simu ikiharibiwa na maji ya bahari hadi chipu ikafa, fundi hawezi kuokoa picha kwa kuhamisha kumbukumbu kwenye simu nyingine. Kinachobaki ni nakala iliyohifadhiwa mapema mahali pengine.