Mchwa Nyumbani: Dalili za Kutazama Kabla Paa Halijalegea

Watu wengi hutambua kwamba nyumba yao ina mchwa siku kabati linapoinama upande mmoja, au fremu ya mlango inapobonyea kwa kidole. Kufikia hapo wamekwisha kufanya kazi kwa miezi mingi. Mchwa huila mbao kwa ndani na kuacha ganda jembamba la juu, mara nyingine rangi peke yake. Ndiyo maana familia inaweza kulala chini ya kenchi zilizoliwa bila kujua, mpaka siku ya upepo mkali.

Kwanza tuwatofautishe na wadudu wengine, maana dawa isiyo ya mdudu wako ni fedha iliyotupwa. Sisimizi ana kiuno chembamba sana, na vipapasio vyake vimepinda kama kiwiko. Mchwa ni mweupe-mweupe, laini, hana kiuno, na vipapasio vyake vimenyooka. Wapo sisimizi wakubwa wanaochimba viota katika mbao zilizolowa. Hao hawali mbao. Huitoboa tu na kusukuma nje vumbi kama la msumeno. Ukiwaona, tafuta bati linalovuja au bomba linalochuruzika, kisha kausha hiyo mbao au itoe.

Sasa tuje kwa mchwa wenyewe. Dalili iliyo wazi kuliko zote ni njia ya udongo. Ngozi ya mchwa ni nyembamba na hukauka upesi, kwa hiyo hawatembei hadharani. Hujenga mfereji wa udongo na mate, wenye unene wa penseli hivi, kutoka ardhini hadi kwenye mbao. Tafuta nje kwenye msingi, pale jamvi linapokutana na ukuta, nyuma ya makabati, kando ya mabomba, na hasa stoo ambayo haifunguliwi mara kwa mara. Ukiuona, usiufagie wote. Vunja kipande cha urefu wa kidole, kisha rudi baada ya siku mbili au tatu. Umezibwa? Wako kazini. Haujazibwa? Usifurahi bado, huenda wamepita upande mwingine, endelea kukagua. Wapo wanaofagia njia hizo kila Jumamosi na kuridhika. Ufagio hauui mchwa, unawachelewesha tu.

Baada ya hapo, gonga. Chukua mpini wa bisibisi upige fremu za milango, madirisha na miguu ya makabati. Mbao nzima hutoa sauti nzito, iliyoliwa husikika tupu kama debe. Palipo na shaka choma kwa ncha. Ikizama bila nguvu, umepata jibu. Darini kazia macho pale kenchi zinapolala juu ya ukuta, kwa kuwa njia nyingi hupandia hapo. Kanyaga mbao kubwa tu. Papi za dari hazikubebi hata kama hazijaguswa na mchwa.

Kumbikumbi huwatia watu hofu isiyo ya lazima. Wakijaa kwenye taa ya kibarazani baada ya mvua za kwanza, wengi wamevutwa na mwanga kutoka vichuguu vya nje, na kuku watashukuru. Habari mbaya ni kumbikumbi wanaochomoza kwenye ufa wa sakafu au ukuta ndani ya nyumba. Hapo kundi liko chini yako.

Wakazi wa pwani wana taabu ya ziada, yaani mchwa wa mbao kavu, ambao hawahitaji udongo kabisa. Huishi ndani ya kiti au fremu yenyewe. Dalili yao ni vichungu vidogo vya kinyesi kama punje za mchanga, vinavyojirundika sakafuni mahali pale pale kila ukifagia. Unga laini kama wa ngano ukitoka kwenye matundu madogo ya mviringo ni kazi ya bungua, ambaye ni mdudu mwingine.

Ndugu msomaji, usisahau karatasi. Mchwa hula karatasi kama mbao, na daftari la ubatizo la miaka 60 iliyopita mara nyingi halina nakala. Vyeti vya shule na hati za kiwanja vilivyo kwenye sanduku chini ya kitanda ni hivyo hivyo. Makabati ya ofisi ya parokia na rafu za maktaba yafaa yakae mbali na ukuta kiasi cha mkono kupita, ili mtu aone nyuma yake.

Ukilazimika kubadilisha mbao, mninga na mvule huvumilia sana, lakini kiini tu. Ile sehemu nyeupe ya pembeni huliwa kama nyingine. Msonobari ununue uliotiwa dawa, na kila ncha utakayokata ipakwe dawa upya, kwa sababu dawa mara nyingi haifiki katikati. Vipande vinavyobaki visipelekwe jikoni kuwa kuni. Nyingi ya mbao hizo za kijani-kijani zina aseniki, na moshi na majivu yake ni sumu.

Kwa dawa ya kumwaga kwenye msingi, ita fundi mwenye leseni, umwonyeshe kisima kilipo kabla hajaanza. Na ukikuta stoo kopo la zamani lililoandikwa dieldrin au aldrin, usilifungue. Dawa hizo zimo katika orodha ya Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 kwa sababu hukaa ardhini miaka mingi na kuingia katika chakula. Liweke mbali na watoto, umwite afisa wa mazingira au wa kilimo wa eneo lako.