Mchai hautalalamika, pima udongo

Shamba la chai la Kericho baada ya mvua huwa kijani kitupu, na anayepita barabarani huamini kwamba ardhi ile ina afya. Kwa mahindi, imani hiyo ingekuwa na msingi. Mahindi yakikosa lishe hugeuka manjano, na mwenye shamba huona. Mchai huvumilia mengi, na uvumilivu wake ndio unaomchelewesha mkulima kujua kwamba udongo umechoka.

Mchai hupenda udongo wenye tindikali, pH ya kati ya 4.5 na 5.5 hivi. Lakini wenyewe pia huzidisha tindikali hiyo. Mizizi yake hufyonza zaidi naitrojeni ya amonia, na inapoifyonza huachia ioni za haidrojeni udongoni. Mbolea nayo huongezea. Mfuko wa kilo 50 wa NPK 26:5:5, ambayo wakulima wadogo wa Kenya wameizoea, una kilo 13 za naitrojeni. Bakteria wanapoigeuza amonia kuwa naitreti, tindikali hupanda. Majani yanayochumwa wiki baada ya wiki huondoka na potasiamu, kalsiamu na magnesiamu, na mvua kubwa za nyanda za juu huosha sehemu ya yaliyobaki. Miaka 40 au 50 ya mwendo huo si mchezo: pH ikishuka kutoka 5.5 hadi 4.5, tindikali imeongezeka mara 10.

pH inaposhuka chini ya 5, alumini iliyofungwa ndani ya udongo huanza kuyeyuka. Mimea mingi huumia mizizi. Mchai huifyonza na kuihifadhi, hasa katika majani yaliyokomaa, si katika yale mawili na chipukizi tunayochuma. Majani hayo makuukuu yakianguka na kuoza, alumini hurudi juu ya udongo. Hapo fosforasi hunaswa na alumini na chuma, mizizi isiweze kuipata, hata mkulima akiongeza mbolea. Mnywaji asishtuke: mwili hufyonza sehemu ndogo sana ya alumini iliyomo kikombeni.

Mambo huharibika zaidi wakati wa kupogoa, ambao huja kila baada ya miaka mitatu au minne. Matawi hubebwa nyumbani kuwa kuni. Naelewa kwa nini, maana jiko haliwezi kukaa bila moto. Hata hivyo, angalau majani na vijiti vyembamba vibaki shambani. Vinarudisha potasiamu, vinalisha nyungunyungu na kuvu, na vinaukinga udongo ulioachwa wazi usichukuliwe na mvua.

Chokaa ya dolomiti husaidia pale tu vipimo vinapoonyesha pH imeshuka mno, na wakati mzuri wa kuiweka ni baada ya kupogoa. Ikizidi, mchai wenyewe hudhoofika. Kwa hiyo chota udongo sehemu kadhaa za shamba, mbali na palipomwagwa mbolea karibuni, uchanganye, kisha upeleke maabara.

Anayetaka kung'oa chai apande mahindi ana haja kubwa zaidi ya kipimo hicho. Bila chokaa, mizizi ya mahindi huwa mifupi na minene, haifiki maji ya chini, na kiangazi kifupi tu hutosha kuyanyausha.