Mahame ya Dhahabu na Mashine Inayonusa Chuma

Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kufundishwa maana ya neno mahame. Toka Takwa hadi Ungwana, toka Gede hadi Mnarani, tumekua tukipita kando ya kuta zisizo mapaa, misikiti isiyo waadhini na visima vilivyozungukwa na mibuyu. Tumekua pia tukiyasikia maneno ya vizee, kwamba chini ya magofu hayo mna mali, na mali hiyo ina mwenyewe asiyeonekana. Ndiyo maana niliposikia kuwa huko Marekani wako watu wanaozitumia siku zao za mapumziko kuzunguka katika miji ya migodi iliyohamwa, mkononi wameshika mashine inayolia ikipata chuma, habari hiyo sikuiona kuwa ngeni hata kidogo. Tofauti ni kuwa wao hawamwogopi jini. Wanamwogopa askari wa hifadhi.

Mahame ninayotaka kumweleza msomaji leo yaitwa Bodie. Yako mashariki ya jimbo la California, karibu na mpaka wa Nevada, juu milimani kiasi cha meta 2,550 kutoka usawa wa bahari. Mwaka 1859 mtu mmoja aliyeitwa W. S. Bodey aligundua dhahabu huko, na kabla ya kipupwe hicho kwisha alikuwa amekwisha kufa katika tufani ya theluji. Mji ukapewa jina lake, na hata jina lenyewe liliandikwa kwa herufi zisizokuwa zake.

Kwa miaka kama 15 Bodie ilikuwa kambi ndogo tu. Kisha, katikati ya miaka ya 1870, sehemu ya mgodi iliporomoka ikafichua mwamba wenye dhahabu nyingi, na watu wakamiminika kama siafu. Kufikia mwaka 1880 walikuwa maelfu. Wengine husema walitimia 8,000. Walikuwako wachimbaji na wahunzi, waokaji mikate na wenye vilabu vya ulevi, wacheza kamari, na Wachina waliokuwa na mtaa wao wenyewe na hekalu lao. Lakini dhahabu haina udugu na mtu. Ilipopungua, watu nao walipungua. Moto uliunguza mji mwaka 1892, ukaunguza tena mwaka 1932. Mwaka 1942, katikati ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Marekani iliamuru migodi ya dhahabu ifungwe ili watu na vyombo vipelekwe kwenye madini yaliyohitajiwa na vita. Huo ukawa mwisho wake. Mwaka 1962 Bodie ikafanywa hifadhi ya historia ya jimbo la California.

Leo yamebaki majengo kama 110. Wenye kuyatunza wana kanuni yao: huyazuia yasianguke, lakini hawayafanyi mapya. Nami nimesimama huko nikachungulia madirishani. Nimeona vyombo juu ya meza, vitanda ambavyo magodoro yake yamepasuka, na duka ambalo bidhaa zake bado zimepangwa rafuni, zimefunikwa na vumbi, mithili ya mwenye duka aliyekwenda kula chakula cha mchana asirudi.

Sasa tuijie hiyo mashine. Haina uchawi wowote. Ni fimbo ndefu, nchani ina pete pana iliyofichwa nyaya zilizosokotwa. Umeme ukipita katika nyaya hizo huzaa nguvu ya sumaku inayoingia ardhini. Ikikutana na kipande cha chuma, shaba au fedha, kipande hicho nacho huamsha umeme mdogo ndani yake na kutoa nguvu yake ya sumaku. Mashine huinasa nguvu hiyo na kuigeuza sauti. Sarafu ya kawaida haisikiki ikiwa mbali sana. Ikizidi shubiri moja au mbili chini, mashine nyingi hunyamaza.

Chombo hiki kina historia yake. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell, yule aliyevumbua simu, alijaribu chombo cha namna hiyo kuitafuta risasi iliyokuwa mwilini mwa Rais Garfield wa Marekani, asifanikiwe. Mwaka 1937 mhandisi Gerhard Fischer alipata hataza ya mashine yake huko Marekani. Na mwaka 1942, katika vita vya El Alamein kule Misri, askari walitumia mashine iliyobuniwa na ofisa wa Kipolandi, Józef Kosacki, kutafuta mabomu yaliyotegwa mchangani. Kilichoanza kwa kutaka kuokoa roho za watu, leo chauzwa dukani kwa kila mwenye fedha na hamu.

Katika Bodie mashine hii ni marufuku. Kwa hiyo mzee mmoja aliyenikaribisha alinipeleka upande wa Nevada, katika shamba la jamaa yake ambamo zamani palikuwa na kambi ya wachimbaji. Mwenye shamba alikuwa ametoa ruhusa. Hapakuwa na nyumba hata moja iliyosimama. Palikuwa na vichaka, mawe na upepo. Mzee alinivika vidude vya kusikilizia masikioni, akanionyesha jinsi ya kuipitisha mashine polepole karibu na ardhi, kushoto na kulia, kama mtu afyekaye majani.

Haikupita robo saa ikalia. Tukachimba kwa kisu kipana, tukapata msumari. Ikalia tena, msumari mwingine. Kisha mkebe ulioliwa na kutu, kisha ganda la risasi, kisha kifungo cha suruali. Mwisho tulipata kijipande cha shaba cha mviringo, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Mzee alicheka kwa furaha. Akaniambia hiyo ni ribiti, ile ya kukazia pembe za mifuko ya suruali za jinzi. Kumbe suruali hizo ambazo vijana wetu huzivaa kwa kujipamba zilikuwa nguo za kazi. Ni mwaka 1873 Jacob Davis, mshona nguo wa Nevada, pamoja na Levi Strauss, mfanyabiashara wa San Francisco, walipopewa hataza ya kukazia mifuko kwa ribiti, kwa sababu mifuko ya wafanyakazi ilikuwa ikichanika kila mara.

Nilidhani tungevitia vitu vile katika mfuko tukaondoka. Mzee hakufanya hivyo. Alitoa daftari, akapima kwa hatua toka kwenye jiwe kubwa, akaandika kila kitu kilipopatikana na kina chake. Nilipomwuliza faida ya taabu yote ile kwa ajili ya misumari, alinieleza somo ambalo ndilo sababu ya makala haya.

Msumari wa zamani huko Marekani ulikatwa kutoka bamba la chuma, ukawa na pembe nne. Tangu miaka ya 1890 misumari ya waya, ya mviringo kama hii tuitumiayo, ikaishinda ile ya kwanza. Mikebe ya chakula ya karne ya 19 ilifungwa kwa tone la risasi juu ya kitundu katikati ya kifuniko. Mapema katika karne ya 20 ikaja mikebe isiyohitaji tone hilo. Basi ukikuta misumari ya pembe nne imelala kwa mstari, hapo palisimama ukuta wa mbao, na umejua zama zake. Ukikuta rundo la mikebe nyuma ya mstari huo, hilo lilikuwa jaa, na umejua walikula nini. Ukikuta sarafu za Kichina mahali pamoja na vigae vya bakuli zao, umejua Wachina walikaa upande upi, hata kama magazeti ya siku zile hayakujali kuwataja. Lakini chukua msumari uleule, uweke juu ya meza sebuleni Mombasa au Chicago. Utakwambia nini? Ni chuma chenye kutu, basi.

Hapo ndipo nilipofahamu ukali wa sheria yao. Sheria ya Marekani ya mwaka 1979 ya kulinda mabaki ya kale inakataza kuchimbua, bila kibali, vitu vyenye umri wa miaka 100 na zaidi vilivyo katika ardhi ya serikali kuu. Katika shamba la mtu binafsi, ruhusa ni ya mwenye shamba. Na katika Bodie, mgeni haruhusiwi kuondoka hata na msumari au kigae cha chupa alichokiona kando ya njia.

Wako wasiosikia. Kwa hao Bodie ina hadithi yake: husemwa kuwa achukuaye kitu huandamwa na mikosi. Kwa miaka mingi wageni wamekuwa wakirudisha kwa posta misumari, mawe na vigae, pamoja na barua za kuomba msamaha. Mmoja huandika kuwa ameugua, mwingine kuwa gari lake limeharibika, mwingine kuwa amefukuzwa kazi. Baadhi ya barua hizo zimewekwa wazi katika jumba la makumbusho hapo mjini. Inasemekana kuwa askari wa hifadhi ndio waliobuni hadithi hiyo ili kuwatisha wezi, nami sishangai. Kwetu pia jini wa magofu amelinda kuta nyingi kuliko walinzi wa mshahara.

Bali hasara ya kweli wala haikai katika mikosi. Msumari uliorudishwa kwa posta umerudi California, lakini haukurudi mahali pake. Ulitoka nyumba ya nani? Ulikuwa juu ya ardhi au chini? Hakuna ajuaye. Mwizi amejuta, na majuto ni mjukuu. Ushahidi umekwisha kupotea.

Isidhaniwe kuwa mashine yenyewe ndiyo mbaya. Mwaka 1983 moto uliunguza majani katika uwanja wa vita wa Little Bighorn, jimbo la Montana, ambako mwaka 1876 jeshi la Marekani lilishindwa na Wahindi Wekundu. Mwaka 1984 na 1985 wataalamu wa mambo ya kale waliwaita watu wa kujitolea wenye mashine hizi. Kila palipolia pakasimikwa kibendera, kila risasi na ganda vikaandikwa mahali vilipolala kabla ya kuinuliwa. Kwa njia hiyo waliweza kufuata nyendo za wapiganaji, mpaka za bunduki moja moja, baada ya zaidi ya miaka 100. Mashine ni ileile; kilichobadilika ni daftari na kibendera.

Nikirudi kwetu, naona kuwa jambo hili halikuwapita wanavyuoni wa dini. Sina mamlaka ya kutoa fatwa, na mwenye kutaka undani na awaendee masheikh. Lakini kila aliyekaa darasani amesikia habari ya rikazi, yaani mali iliyozikwa ya watu wa kabla ya Uislamu, ambayo humo hutolewa moja ya tano. Na katika madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi wa pwani, mali iliyozikwa ikiwa na alama ya Kiislamu, kama jina la mtawala Mwislamu, haihesabiwi rikazi bali lukata, yaani kitu kilichompotea mwenyewe, ambacho mwokotaji hutakiwa kukitangaza mwaka mzima. Na ikipatikana katika milki ya mtu, mwokotaji hawezi kuifanya yake vivi hivi. Tazama basi maswali ya mafakihi: kimepatikana wapi? Katika ardhi ya nani? Kina alama gani? Ndiyo maswali yaleyale ya yule mzee na daftari lake.

Na sisi twajua thamani ya maswali hayo, kwa kuwa historia yetu wenyewe imesimama juu yake. Katika kisiwa cha Pate, karibu na Siyu, yako mahame ya Shanga. Kati ya mwaka 1980 na 1988 Mark Horton na wenzake walichimba hapo, tabaka baada ya tabaka. Chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe walikuta alama za misikiti iliyotangulia, mmoja chini ya mwingine, hata wakafika kwenye matundu ya nguzo za msikiti mdogo wa miti, wa karne ya 8. Katika mahame hayo zilipatikana sarafu ndogo sana za fedha zenye majina ya watawala Waislamu. Ni kwa kujua kila kitu kilitoka tabaka gani ndipo ilipoweza kuthibitishwa kuwa hapa kwetu watu waliswali jamaa zaidi ya miaka 1,200 iliyopita.

Sasa fikiri angalitangulia mtu mwenye mashine usiku, akazinasa sarafu zile, akazitia mfukoni, akamwuzia mgeni. Sarafu zingalikuwako hadi leo, pengine katika kabati la tajiri mbali huko, lakini zingekuwa bubu kama ule msumari wa posta. Mzungu akitwambia Uislamu wa pwani ulikuja jana, tungemjibu kwa nini?

Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 ya makumbusho na turathi inakataza kuchimbua vitu vya kale bila leseni, na inamtaka agunduaye kitu cha kale atoe habari. Ni sheria njema, ila magofu ni mengi na walinzi ni wachache. Mlinzi wa kwanza ni yule alimaye shamba lililopakana na ukuta, na yule mtoto achungaye mbuzi karibu na kisima cha kale. Jembe lake likigonga sarafu au kigae chenye maandishi, aweke alama hapo, asichimbe zaidi, apeleke habari kwa watu wa makumbusho walio karibu naye. Kitu hicho kimekaa ardhini miaka mia kadhaa bila kulalamika. Kinaweza kungoja siku mbili zaidi.