Kwa nini farasi hafugiki Kikoneni

WATAWA wa Jerez, kusini mwa Uhispania, walisifika kwa farasi wao. Vita vya Napoleon vilipowatawanya mwanzoni mwa karne ya 19, familia ya Zapata ya Arcos de la Frontera iliwanusuru farasi majike wa watawa hao, na ukoo wa wanyama hao ungali hai hadi leo.

Je, familia ya Kikoneni, katika Kaunti ya Kwale, ingeweza kuanzisha ukoo kama huo? Malisho yapo. Kizuizi ni mbung'o.

Mdudu huyu hustawi katika Vilima vya Shimba, akinyonya damu ya nyati na ngiri, ambao hawadhuriki sana. Farasi akiambukizwa vimelea vya nagana hushikwa na homa, huishiwa damu, huvimba miguu na tumbo, na asipotibiwa hufa, pengine baada ya wiki chache tu. Punda na ng'ombe wa kienyeji hustahimili zaidi. Isitoshe, farasi hubeba mimba miezi 11 na kuzaa mtoto mmoja. Ukoo utajengekaje iwapo mama hafikii uzazi wa pili?

Ajabu ni kwamba punda milia, jamaa wa farasi, huponea kwa milia na harufu yake, ambavyo mbung'o havipendi. Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kilitumia hila ya aina hiyo: ng'ombe wa Kwale walifungwa shingoni vichupa vyenye harufu ya kuro, na matokeo yaliyochapishwa 2017 yalionyesha maradhi yakipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Farasi hakujaribiwa, wala sioni kosa: anayelima na kukamuliwa Kikoneni ni ng'ombe.