Safari ya kikazi bara: Funga begi kwa hali ya unakokwenda, si unakotoka

Sisi watu wa Pwani tuna mazoea ya kufunga begi usiku wa safari, feni ikizunguka juu ya kichwa na jasho likitutiririka. Katika hali hiyo, nani atakumbuka sweta?

Ndivyo nilivyokosea Julai moja, miaka kadhaa iliyopita. Niliitwa Nairobi kutetea ombi la kikundi cha wavuvi waliotaka mashine ya barafu. Nilipanda basi la usiku na shati la mikono mifupi na makubadhi miguuni. Koti, viatu na karatasi za hesabu vilikuwa ndani ya begi, na begi lilikuwa kwenye buti. Tuliposhuka alfajiri halikuwamo; liliteremshwa njiani kimakosa. Saa tatu asubuhi niliingia mkutanoni nikitetemeka, hesabu nikizikumbuka nusunusu. Mashine hatukupata. Sisemi makubadhi ndiyo yaliyotunyima, lakini wazee waliponiuliza kilichotokea, sikuwa na jibu la kuwatazama nalo usoni.

Tangu siku hiyo, nina mambo manne ninayoyafuata.

La kwanza ni kujua hali ya hewa ya mahali. Kadiri unavyopanda juu, baridi huongezeka. Kwa kila mita 1,000 joto hupungua kwa takriban nyuzi 6. Mombasa iko usawa wa bahari, Nairobi iko juu kwa takriban mita 1,700, na Eldoret hupita mita 2,000. Kwa hivyo shati linalokutosha Likoni halitakutosha Nairobi, hasa Juni hadi Agosti. Kisumu nayo ni bara lakini ina joto. Usiseme tu "naenda bara". Uliza ni bara ipi.

La pili ni kumuuliza aliyekualika. Swali moja kwa simu latosha: tutakaa ofisini au tutatembea? Kikao cha benki au wizara kinataka koti, suruali iliyopigwa pasi na viatu vyeusi. Ziara ya kiwandani au shambani inataka viatu vya kufunika vidole na nguo isiyoogopa tope. Ukivaa suti shambani, wenyeji watahangaika na viatu vyako badala ya kukueleza kazi.

Na kanzu je? Wapo wanaotuambia tuiache nyumbani tukienda mjini mkuu. Mimi sikubali. Kanzu safi iliyonyooka, na koti juu yake, ni vazi la heshima mbele ya yeyote. Kinachoshusha hadhi ni mikunjo na doa la chai, si kanzu yenyewe. Ikunje ikiwa ndani nje, iweke juu kabisa ya begi, na ukifika itundike bafuni huku maji moto yakitiririka, mvuke utainyoosha. Kina dada nao huniambia wabebe buibui la pili, mtandio usioteleza, na sweta ya kuvaa ndani ya buibui.

La tatu ni kugawa mizigo. Chochote utakachohitaji katika saa ya kwanza ya kazi kikae kwenye mkoba wa mkononi: shati moja, karatasi, kitambulisho, dawa, chaja. Mkoba huo hauingii kwenye buti. Viatu vizito vivae miguuni na koti livae mwilini. Begi litapungua uzito. Kwa siku tatu, suruali mbili na mashati matatu yanatosha. Usisahau mswala mwembamba, ndara, na kopo la chooni, maana hoteli nyingi za bara hukupa karatasi tu.

La nne ni masharti ya njia. Kwenye treni ya SGR, mabegi hukaguliwa Miritini, kwa hivyo fika mapema. Kwa ndege, paua benki husafiri mkononi, si kwenye begi la kupakiwa. Ukivuka mpaka kwa ndege, majimaji ya mkononi, hata mafuta ya nazi na manukato, yawe kwenye vichupa visivyozidi mililita 100. Na mifuko ya plastiki ya kubebea tuliipiga marufuku hapa Kenya tangu Agosti 2017, Rwanda walitutangulia. Viatu vyako vifunge kwa kitambaa.

Mwisho, kabla ya kufunga zipu, shika ule mkoba mdogo peke yake ujiulize: begi kubwa likipotea usiku huu, naweza kuingia mkutanoni kesho na kuzungumza kwa utulivu? Ikiwa jibu ni hapana, fungua upange upya. Waliokutuma wanategemea kauli yako, na kauli haitoki vizuri kwa mtu anayetetemeka.

Safari njema.