Rangi Haitibu Ukuta Wenye Maji

Msomaji wetu mmoja auliza kwa nini rangi ya sebule yake hubanduka kila masika, ingawa ameipaka mara mbili. Jibu lianzie nje ya nyumba. Maji ya paa yakitua penye msingi, hupanda taratibu ndani ya matofali mabichi. Rangi ya mafuta huyafungia humo. Chokaa huyaacha yatoke. Ukuta wa udongo uliolowa mno huweza kuanguka. Basi, kabla ya kununua rangi, chimbeni mfereji wa kuyapeleka maji mbali, kisha ngojeni ukuta ukauke. Bustani nayo isiegemee ukuta: pandeni maua na mchicha mwishoni mwa mfereji. Maji yaliyobomoa nyumba yatalisha jamaa.