Gari la babu: Liachwe lilivyo au lifungwe mikanda?

NI mabishano yasiyokosa katika familia iliyorithi gari kuukuu. Mzee hawezi tena kushika usukani, na pale uani, chini ya turubai, limebaki Volkswagen la mwaka 1965, ama Peugeot 404 lililopeleka watoto wote shuleni. Kifungua mimba anashikilia kwamba lifufuliwe vile vile lilivyotoka kiwandani, hata kipande cha mpira kisibadilishwe umbo. Dada yake, ambaye ana watoto wawili wadogo, anauliza swali moja tu: mikanda ya viti iko wapi?

Haipo. Magari mengi ya enzi hizo yalitoka kiwandani bila mkanda hata mmoja, na hayo hayo ndiyo yanayosuguliwa nta siku hizi kwa ajili ya mashindano ya Concours d'Elegance jijini Nairobi, ama kupambwa kwa utepe siku ya Jumamosi ili kumbeba bibi harusi. Kwa hivyo swali la dada huyo si la ubishi. Linamhusu kila atakayeketi ndani ya gari hilo, na wengi wao hawatakuwa wameshauriwa lolote lilipokuwa gereji.

Tuanze na kifungua mimba, maana maneno yake yana uzito. Gari likishakatwa halirudi kuwa lilivyokuwa. Sote tumeona kazi za mafundi fulani: dashibodi ya chuma imetobolewa ili redio ya kisasa ienee, usukani mwembamba umetupwa na kuletwa mwingine wa gari la Kijapani, viti vimeng'olewa vikaenda kuwa makochi ya kibanda cha chai. Miaka kumi baadaye mwenyewe anazunguka kote Kirinyaga Road akitafuta vipuri vile vile alivyovitupa. Mnunuzi anayeyajua magari ya aina hii hulipa zaidi kwa lile ambalo halijachezewa. Fauka ya hayo, iko thamani isiyokuwa ya pesa. Mjukuu akifunga mlango na kuusikia ule mlio, akanusa vile viti, anaelewa kitu kuhusu safari za babu yake ambacho picha haiwezi kumwambia.

Lakini iko hoja moja ya upande huu ambayo haina mashiko, na ajabu ni kuwa ndiyo maarufu kuliko zote: eti magari ya zamani ni chuma kitupu, kwa hivyo ni salama kuliko haya ya leo ya mabati. Mnamo mwaka 2009 shirika moja la Marekani linalogharimiwa na kampuni za bima, Insurance Institute for Highway Safety, liligonganisha Chevrolet mbili uso kwa uso, Bel Air la 1959 na Malibu la 2009, kila moja likienda kasi ya kilomita 64 hivi kwa saa. Sanamu iliyoketishwa penye usukani wa Malibu ilionyesha jeraha dogo la mguu. Katika Bel Air, usukani na dashibodi vilimfuata dereva kitini. Angekuwa mtu, tungekuwa tunazungumza mazishi.

Sababu yake si ngumu. Gari la siku hizi hutengenezwa ili sehemu ya mbele ijikunje na kumeza kishindo, huku chumba cha abiria kikibaki imara. Gari kuukuu halikupangwa hivyo. Ule ugumu tunaousifu haukichuji kishindo. Unakipitisha hadi kifuani mwa dereva, na fimbo ndefu ya usukani isiyojikunja hukisaidia kufika.

Ni lazima pia tuseme ukweli mwingine usiopendwa na wauzaji wa spea. Bel Air lile halikuwa na mkanda wala mfuko wa hewa, lakini hata lingekuwa na mkanda, mkanda hauwezi kukiinua chumba kinachoporomoka. Hakuna kifaa kitakacholigeuza gari la 1965 likawa sawa na la leo. Anayekuahidi hivyo anataka pesa zako. Kinachowezekana ni kupunguza hatari, na hapo ndipo penye kazi.

Wale wanaouona mkanda kama kitu kigeni kwa gari kuukuu wangefaa kuikumbuka Safari Rally. Mkanda wa pointi tatu, huu unaopita begani na kiunoni, ulibuniwa na Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo ambaye awali alikuwa akitengeneza viti vya kumrusha rubani kutoka kwa ndege inayoanguka. Volvo walianza kuufunga katika magari yao mwaka 1959, wakaiacha hataza wazi ili kampuni nyingine ziuige. Mojawapo ya magari hayo ya kwanza lilikuwa PV544, lile lenye mgongo wa mviringo. Na ni PV544 ambalo Joginder Singh na nduguye Jaswant, vijana wa hapa Kenya, walishindia Safari mwaka 1965. Mkanda huo, basi, ni mkongwe sawa na hilo Volkswagen lililo chini ya turubai.

Tazama pia Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani yaliyoanza mwaka 2003. Porsche 911, Datsun na Ford Escort zinazopita vumbini humo zina fremu ya mabomba ndani, mikanda mipana ya mashindano na vizima moto. Sijasikia mtu akisema zimeharibiwa.

Hata hivyo, usikimbie kuiga kila kitu cha dereva wa mashindano. Yeye huvaa kofia ngumu. Mama aliyeketi nyuma akienda kanisani hana kofia hiyo, na bomba la chuma lililo karibu na kichwa chake laweza kumuumiza katika ajali ambayo angetoka mzima. Mfuko wa hewa nao uachwe. Hufanya kazi pamoja na vihisio na bodi ya gari lilelile ulilopimiwa. Kuung'oa katika gari jingine na kuupachika kwenye usukani wa Peugeot 404 ni kuweka baruti mbele ya uso wa dereva.

Ningekuwa mimi, pesa za kwanza zingeingia katika breki. Magari mengi ya kabla ya katikati ya miaka ya 1960 yana mfumo mmoja tu wa mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Mpira mmoja ukipasuka, pedali inazama hadi sakafuni na magurudumu yote yamekosa breki kwa mara moja. Masta silinda yenye njia mbili huhakikisha kwamba upande mmoja ukivuja, mwingine unashika. Kazi hiyo haionekani kwa nje, na hata mpenda asili mkali hawezi kuiona bila kulala chini ya gari. Anayeweza kumudu breki za diski mbele afunge, mradi fundi asiunguze bodi kwa moto wa welda. Asiyeweza, abadilishe angalau mipira yote na mafuta ya breki, ambayo hunyonya unyevu yakikaa.

Mikanda ifuate mara moja. Hapa tuna kumbukumbu chungu. Sheria za Waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa mwaka 2004, matatu zilitakiwa kuwa na mikanda, na wengi wetu tunaikumbuka ile iliyofungwa ili polisi aione tu. Mkanda una nguvu ya pale uliposhikizwa. Bolti iliyopitishwa kwenye sakafu nyembamba, pengine iliyoliwa na kutu chini ya zulia, itang'oka na kipande cha bati siku utakapoihitaji. Kabla ya kutoboa popote, funua zulia na uangalie nguzo ya mlango, maana baadhi ya magari ya miaka ya 1960 yana matundu ya mkanda yaliyotengenezwa kiwandani hata kama mkanda wenyewe haukuwekwa. Kama hayapo, bolti iwekewe bamba nene la chuma kwa chini ili nguvu isambae. Mkanda wenyewe usiwe wa mtumba uliotoka katika gari lililopata ajali.

Tairi ni jambo fupi. Gari linalotoka mara mbili kwa mwezi halimalizi kashata za tairi, kwa hivyo zinaonekana mpya huku mpira umezeeka. Ubavuni kuna tarakimu nne: 2314 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Soma hizo, si kashata.

Kuhusu taa, tahadhari na balbu kali za kisasa katika vikombe vya zamani. Humwaga mwanga ovyo na kumpofusha anayekuja. Taa ndogo ya tatu ya breki nyuma ya kioo, inayofunguliwa kwa dakika tano siku ya maonyesho, ina faida kubwa zaidi katika Barabara Kuu ya Thika, ambako anayekufuata hatarajii gari linalopanda mwinuko polepole namna hiyo.

Kifungua mimba naye asidhani amepuuzwa. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lilipitisha mwaka 2012 mwongozo uitwao Turin Charter, unaotaka mageuzi ya usalama yafanywe bila makeke, yaweze kuondolewa, na vipuri vya asili vihifadhiwe pamoja na gari. Kwa hivyo apewe yeye kazi hiyo. Atafute kasha, afunge kila kipuri kilichotolewa kwa karatasi yenye mafuta, akiandikie jina na tarehe, na kupiga picha kabla fundi hajakigusa.

Na dada yake asiridhike akionyeshwa mikanda miwili ya mbele inayong'aa. Watoto huketi nyuma, na huko ndiko kazi ilipo ngumu: mara nyingi hakuna mahali imara pa kushikiza mkanda wa bega, na viti vya watoto vinavyonaswa kwa ndoana za Isofix havina pa kunasa katika gari la umri huo. Kiti chake kitahitaji kile cha kufungwa kwa mkanda. Akienda gereji, akibebe mkononi, akiweke kwenye kiti cha nyuma na amuulize fundi bei ya hapo kwanza, kabla ya kuzungumzia rangi.